Mtoto Wangu na Kompyuta Iliyochelewa Kuamka

Mratibu wetu alisema maziwa yangu ndiyo yaliyoharibu kompyuta. Alisema hivyo asubuhi, mbele ya ofisi nzima, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu.

"Tangu ulipoanza kuingia na mtoto humu ndani, mashine imekuwa nzito kuamka. Maziwa yana unyevu. Unyevu unapanda hewani, unaingia kwenye sanduku. Kuanzia kesho mtoto asionekane kwenye chumba hiki."

Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni kwangu, amelala, hajaota hata jino. Mimi nilikuwa nimesimama peku, kwa sababu chumba cha kompyuta hakikuingiwa na viatu. Nilitaka kumjibu jibu la kumtoa pumzi, lakini kibarua chenyewe ndicho kilichokuwa kinatulisha, basi nikalimeza.

Ilikuwa Kayanga, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mradi wetu ulikuwa wa kilimo, ofisi ya vyumba vitatu jirani na soko, na mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza taipureta, halafu kompyuta ilipoletwa nikajifunza na hiyo. Ilikuwa moja tu. Ilitolewa na wafadhili, nao waliitoa katika ofisi yao huko Ulaya walipojinunulia nyingine. Tuliishonea pazia zito la kuzuia vumbi, nikaifumia kitambaa cha kuifunika kila ikizimwa. Hata mratibu alikuwa akishusha sauti akiingia pale, kama aliyeingia kanisani katikati ya sala.

Sasa mtoto wangu alikuwa hataki kikombe wala kijiko. Uji alitema, maziwa ya ng'ombe alitema. Alitaka titi, na titi lilikuwa ofisini. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Nkwenda kunisaidia uzazi, lakini maharage yake yalikuwa yanakauka shambani na alishaanza kuulizia lori la kurudi. Mume wangu alikuwa huko huko Nkwenda akihangaika na kahawa za watu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: mama mkwe akiondoka na mtoto akakatazwa ofisini, kazi nitaiacha. Hakukuwa na njia ya tatu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ugonjwa wa ile mashine niliuona ukianza. Nilikuwepo.

Siku niliyorudi kutoka likizo ya uzazi ndiyo siku mratibu alipoingiza mfumo mpya. Zamani tulikuwa na mfumo wa maandishi meupe kwenye giza, unaandika amri, mashine inatii. Gari la mradi likaleta rundo la disketi za mfumo mpya, wa picha na rangi. Mratibu akakaa kitini, mimi nikakaa pembeni nikimpa disketi moja baada ya nyingine, mtoto mapajani. Kila baada ya muda mashine iliuliza jambo. Je, mnataka hiki? Je, mnataka na kile?

"Inauliza kama tunataka cha kutuma faksi," mratibu alisema.

"Simu yenyewe hatuna," nikamwambia.

"Wewe mama, mtu amekutengea chakula, useme sitaki?"

Akabonyeza ndiyo.

Simcheki. Ndivyo tulivyolelewa kule kwetu. Unaingia nyumba ya mtu, unaletewa kahawa ya kutafuna, hata kama umetoka kutafuna ya jirani unachukua. Unapewa rubisi, pombe ya ndizi, unaonja hata kama hunywi. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba mkono wake unanuka. Na hii mashine ilikuwa ya wafadhili, na disketi ni za wafadhili. Inauliza kama tunataka michezo, ndiyo. Inauliza kama tunataka lugha za watu tusiowajua, ndiyo. Inauliza kama kompyuta hii inaishi pamoja na kompyuta nyingine zilizounganishwa nayo. Mratibu alikohoa kidogo.

"Siku moja tutapata nyingine," alisema, na hapo pia akabonyeza ndiyo.

Ilipomaliza ikajizima, ikajiwasha, na kwenye kioo likatokea anga. Anga la bluu lenye mawingu meupe, ndani ya chumba chenye pazia! Nilisahau kupumua. Mtoto alinyoosha mkono. Tangu nizaliwe nimeona mawingu juu ya milima ya Karagwe kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuyashangaa kama nilivyoyashangaa yale.

Lakini yalikaa. Yalikaa, yalikaa. Mfumo wa zamani ulikuwa unafunguka kabla sijavuta kiti. Huu mpya, ningeweza kumnyonyesha mtoto titi moja mpaka likaisha, nikamgeuza kwa la pili, na bado mawingu ni yale yale na kamstari kanakimbia bila kuchoka pale chini.

Na muda hatukuwa nao. Umeme tulipewa na mfanyabiashara wa duka la jirani, mzee mmoja wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Alikuwa na jenereta ya friji zake za soda, akatuvutia waya juu ya uzio. Aliiwasha akifungua duka na kuizima akienda kuswali adhuhuri. Akizima, na sisi tumezimwa. Kila dakika ya mawingu ilikuwa inakatwa kwenye kazi yangu, na barua ambazo hazijapigwa zilirundikana mezani kwa mratibu.

Mzee alinichungulia dirishani kila asubuhi, akiisonta mashine kwa kidole.

"Mwanangu, huyo bibi yako bado anaoga?"

"Shikamoo mzee. Bado."

"Marahaba. Mwambie mafuta ya taa bei ni ile ile, ila dizeli imepanda. Avae haraka."

Basi mratibu alipolaumu maziwa, niliamua kumfuata mle mle kwenye hoja yake. Shuleni tuliotesha maharage kwenye makopo, moja gizani na moja kwenye mwanga, na mwalimu alituchapa kama tukibadilisha mambo mawili kwa mpigo, maana hapo hujui lipi limefanya nini. Kumbe hata kwetu mambo mawili yalikuwa yameingia siku moja, mtoto na mfumo. Nikamtoa mtoto. Nilimwacha nyumbani kwa mama mkwe, nikaoga kwa sabuni ya kufulia, nikavaa blauzi iliyotoka kwenye kamba. Nikawasha. Mawingu. Yakakaa kama jana.

"Umeona, mkuu?"

Mratibu akanusa chumba. Nasema kweli, alinusa.

"Harufu imeshaingia kwenye pazia," akasema.

Nililifua lile pazia kwa hasira mpaka mshono ukaachia. Likakauka, nikalirudisha, nikawasha. Mawingu. Na nyumbani mama mkwe ananiambia mtoto amelia mpaka sauti imekauka, kikombe amekipiga teke. Maziwa yangu yalikuwa yamelowesha blauzi mpaka kiunoni, nikapita nayo hivyo sokoni watu wakitazama.

"Pazia limefuliwa," nilimwambia mratibu kesho yake. "Sasa je?"

Akaangalia kifua changu, akaangalia pembeni. "Sasa labda ni wewe mwenyewe."

Hapo nilikaa mbele ya ile mashine kama mtu anayekaa mbele ya shahidi. Nilisema moyoni, leo utasema. Na kwa sababu nilikuwa naitazama kwa ubaya badala ya kuitazama kwa heshima, nikaona kitu ambacho wote hatukuwa tumekiona. Mbele ya sanduku kulikuwa na taa ndogo nyekundu iliyometameta wakati mashine inasoma mambo yake ndani, na ndani unasikia mkwaruzo kama panya kwenye gunia la mahindi. Ilipoanza kuwaka, taa ilimeta, panya akakwaruza. Halafu mawingu yakatokea, na baada ya kidogo taa ikazima. Panya akanyamaza. Kamstari ka chini kalikimbia tu, lakini ndani kimya. Muda wote ule mrefu, kimya. Halafu ghafla taa ikarudi na panya akarudi.

Mtu aliyechoka hapumui hivyo. Ile mashine haikuwa nzito wala mgonjwa. Ilikuwa inangoja.

Inangoja nini? Sikuwa na wa kumuuliza. Fundi wa karibu alikuwa Bukoba, na mratibu alishasema fundi hataitwa wakati sababu inajulikana.

Jibu lilikuja kwa bahati mbaya ya dizeli. Asubuhi moja mawingu yako kwenye kioo, jenereta ya mzee ikakohoa mara mbili, ikafa. Nikamsikia anamgombeza kijana wake wa kujaza mafuta huko nje, kisha wakamimina mafuta, ikawaka tena. Nami nikawasha. Safari hii mawingu hayakuja. Lilikuja giza la zamani na maandishi meupe, niliyoyafahamu kuliko uso wangu. Mashine ilisema kwa Kiingereza kwamba mara ya mwisho haikufika salama, basi nichague iwake vipi. Ilipanga njia kadhaa. Mojawapo ilisema itakwenda hatua kwa hatua na kuniuliza kila hatua.

Nikachagua hiyo.

Sijui nieleze vipi kilichofuata kwa mtu ambaye amekua na kompyuta ndani ya nyumba. Ile mashine ilisimama mbele yangu na kuanza kunifungulia tumbo lake mstari kwa mstari, na kwenye kila mstari iliniuliza: nifanye hili? Ndiyo au hapana? Mimi! Binti wa mkulima wa Kiruruma, na maziwa yamekauka kwenye blauzi. Kumbe kila asubuhi, nyuma ya yale mawingu mazuri, ilikuwa inafanya haya yote gizani bila kumwambia mtu. Inaamsha kumbukumbu yake. Inatafuta kibodi, kama mtu anayepapasa vidole vyake kuona kama vipo. Inajifundisha upya saa, herufi, rangi. Kila siku inazaliwa upya haijui kitu, na kabla hujamaliza kikombe cha chai inajua yote. Nilibonyeza ndiyo, ndiyo, kila mstari ulipita kama mtu anavyopepesa jicho, na nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Halafu nikabonyeza ndiyo kwenye mstari mmoja, ikasimama.

Taa ikazima. Panya akanyamaza. Kwenye kioo kulikuwa na maneno kwamba inatafuta kompyuta nyingine.

Nilingoja nayo. Mtoto hakuwepo, pazia lilikuwa safi, na mashine ilikuwa imekaa kimya inatafuta. Mwishowe, baada ya muda ule ule wa matiti mawili, ikaandika kwamba haikupata yeyote, na ikaendelea.

Nikainuka, nikalizunguka sanduku. Nyuma, katikati ya waya zote, kulikuwa na tundu moja la mraba, tupu, mfano wa tundu la waya wa simu. Huko ilikotoka ndiko waya ulikokuwa unaingia, wa kuiunganisha na wenzake. Huku hakukuwa na waya. Lakini siku ile ilipouliza kama inaishi na wengine, tuliiambia ndiyo. Basi iliamini. Kila asubuhi iliwaita kupitia lile tundu lisilo na kitu, ikasubiri kwa adabu waitike, na hawakuitika, na kesho yake ikaita tena.

Sikucheka. Niliweka mkono juu ya sanduku. Lilikuwa na joto.

Nikazima, nikawasha, nikaiwahi kwa kuizima tena katikati ili iniletee yale maswali. Nilipofika kwenye ule mstari nikabonyeza hapana. Mawingu hayakupata hata nafasi ya kunifurahisha. Mashine ilifunguka!

Lakini kesho yake ilikuwa imesahau, ikaita tena. Hapana yangu ilikuwa ya siku moja tu. Ilibidi mstari wenyewe uguswe, nikamwendea mratibu.

Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Alikuja peku, akaona kwa macho yake mstari ukisimama, akaona tundu. Halafu akatikisa kichwa.

"Hatufuti."

"Kwa nini, mkuu?"

"Wafadhili wanakuja kutembelea. Wakute tumetoa kitu chao? Sisi tuliulizwa, tukakubali. Leo tuseme tulikuwa tunatania?"

"Mtoto wangu halali, mkuu. Ananyonya mara moja kutwa kwa sababu ya kitu ambacho hakuna anayekitumia."

"Nimesema hatufuti. Acha ukali, mama."

Nilirudi kwenye mashine nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilikosea kuandika amri ya kulifungua faili la maagizo yake ya kuamka. Lilipofunguka, mistari ile ile niliyokuwa naulizwa ikajipanga mbele yangu. Na hapo nikaona kuna mistari mingine ambayo sikuwahi kuulizwa kabisa. Ilikuwepo, imeandikwa, lakini mashine ilipita juu yake kama haioni. Nikaikagua. Yote ilianza na herufi tatu zile zile. Sikuhitaji kuelezwa kwamba ni hizo zilizoifanya iipite. Kumbe huko ilikotoka pia kulikuwa na watu waliotaka kunyamazisha jambo bila kulitupa.

Nikaziweka zile herufi tatu mwanzoni mwa mstari wangu. Nikahifadhi. Nikataka kumwita mratibu tena, lakini kabla ya kumwita nilivaa viatu, nikakimbia nyumbani, nikamchukua mtoto.

Nilipomwita, mratibu alinikuta nimekaa kitini, mtoto yuko kwenye titi.

"Nilisema nini kuhusu mtoto?"

"Sijafuta kitu, mkuu. Mstari upo pale pale, wafadhili wakija watausoma. Ila mashine itaupita bila kuusemesha. Shika saa yako."

"Mtoto atoke kwanza."

"Hapana."

Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia mratibu neno hilo hivyo, bila kulizungushia kingine. Mimi mwenyewe lilinishtua. Dirishani mzee wa soda alikuwa ameshasimama, hajakaribishwa.

"Mratibu, shika saa bwana," akasema. "Dizeli ni yangu."

Nikawasha kwa mkono mmoja. Taa ikameta. Mkwaruzo ukaanza. Mawingu yakaja, na mtoto akaachia titi akageuka kuyatazama, maziwa yanamchuruzika kidevuni, na kabla hajamaliza kuyatazama yakaondoka, ukurasa ukafunguka, kazi ikawa inaningoja.

Mzee alipiga makofi. "Leo kaoga na maji ya kikombe!"

Mratibu aliangalia saa, akaangalia mashine. "Zima. Washa tena."

Nikazima, nikawasha. Ikawa vile vile. Akaja karibu, akamwinamia mtoto kama mtu anayekagua mzigo, akavuta pumzi puani.

"Atanyonya mpaka lini huyu?"

"Mpaka atosheke."

"Basi asishike vitufe," akasema, akatoka. Hakuomba radhi, nami sikungoja.

Mama mkwe alipata lori wiki ile ile. Nilimsindikiza stendi na mtoto mgongoni, akapanda nyuma juu ya magunia matupu. Wakati wanangoja abiria nikamsimulia yote, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kinyambo. Yeye alizaliwa ng'ambo, Rwanda, akaletwa akiwa msichana kuja kulima kahawa za watu, na ndugu zake aliowaacha huko sikuwahi kuwaona. Alisikiliza kwa makini sana, kuliko mratibu.

"Ilikuwa inawaita kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, mama."

"Na hawaitiki."

"Hawaitiki. Hawapo."

"Nayo inaita tu." Alishika ukingo wa lori. "Kwani nani aliitengeneza hivyo?"

"Sijui, mama."

"Eh." Akatazama juu kidogo, akatazama chini. "Na wewe ukainyamazisha."

"Ilikuwa inamnyima mtoto maziwa."

Alitoa mkono, akamgusa mtoto kichwani kwa vidole viwili, polepole, kisha akaniambia nimfunge vizuri maana kanga imelegea upande. Dereva akawasha. Nikafunga kanga vizuri, nikapita katikati ya soko kurudi kazini na mtoto wangu.